Mpiga kinanda apige nini ili mkono ukomae?

Für Elise ya Beethoven imefika kusini, lakini imefika nusu. Ingia kanisani kabla ya mazoezi ya kwaya, iwe Masasi, Nachingwea au hapa Mtwara mjini, umkute kijana amekaa kwenye kinanda anasubiri wenzake. Mwombe akupigie chochote. Atakupigia takti (vipimo vya mapigo) za mwanzo za wimbo huo, safi kabisa, na akifika pale mkono wa kulia unapotakiwa kukimbia kwenye F meja atakata, atacheka, atarudi mwanzo.

Beethoven alikiandika kipande hicho mwaka 1810, kikachapishwa 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Wazo la kwanza linarudi tena na tena, na katikati yake kuna sehemu mbili nyingine. Katika moja, nota zinakuwa nyembamba na za haraka. Katika nyingine, mkono wa kushoto unagonga nota ya A huko chini bila kupumzika huku wa kulia ukibadilisha akodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja. Kisha akodi ya A maina inavunjwa na kupandishwa juu, na skeli (ngazi ya sauti) ya nusu-nusu inashuka ikigusa kila kibao, cheupe na cheusi. Ukiuliza mkono unajifunza wapi katika wimbo huu, jibu ni kwenye sehemu hizo mbili. Ile inayopigwa na kila mtu ni ile ambayo mkono wake ulikuwa karibu kuiweza tangu siku ya kwanza.

Nimeanzia hapo kwa sababu ndipo tabia yetu ya kuchagua vipande inapoonekana wazi. Walimu wa piano huku ni wa kutafuta kwa tochi. Wapigaji wengi wamefundishwa na aliyewatangulia kwenye kwaya, wakaongezea video za simu, zile zenye vijiti vya rangi vinavyoshuka juu ya vibao. Anayetaka kujiendeleza huchukua njia moja kati ya mbili: ama anachagua wimbo mkubwa wenye jina na kupambana nao mwaka mzima, ama anatafuta kitabu cha mazoezi matupu na kukipiga kila siku akiamini vidole vitakuja vyenyewe. Njia zote mbili naziona zina kasoro. Ninachoshikilia ni kwamba mkono unakomazwa na vipande vingi, vifupi, vilivyo chini kidogo ya uwezo wa mpigaji, kila kimoja kimechaguliwa kwa kazi ambayo mkono huo bado hauijui. Umaarufu wa wimbo usiwe na kura katika uchaguzi huo.

Chukua wimbo mkubwa. Mtu anayepambana na sehemu ya tatu ya sonata ya Moonlight ya Beethoven kabla ya wakati wake anadhani anajifunza mambo mia. Ukweli ni kwamba kipande chochote, kiwe kigumu namna gani, hurudia mienendo michache ile ile. Mwaka ukiisha atakuwa anajua kupandisha akodi zilizovunjwa kwenye C shapu maina, na kusoma nota kwake kutakuwa kumebaki pale pale, maana amekariri njia ya vidole takti kwa takti. Lakini hasara kubwa iko kwenye mwili. Mkono ukipewa kazi inayouzidi, haukatai. Unaifanya kwa kukakamaa. Bega linapanda, kifundo kinakuwa kigumu, dole gumba linabana chini ya kiganja, na kwa kuwa mpigaji anarudia hivyo kila jioni, ugumu huo unakaririwa pamoja na nota. Baadaye hata akipunguza mwendo, mkono unakakamaa wenyewe unapoisikia takti ile. Kuondoa hilo huchukua muda mrefu kuliko kujifunza wimbo mpya.

Kipande cha ukurasa mmoja, kinachoweza kupigwa vizuri ndani ya wiki mbili au tatu, hakimsukumi mtu kwenye kukakamaa. Katika mwaka ule ule mpigaji anaweza kupita vipande kama ishirini vya aina hiyo, na kila kimoja kinamletea kii yake (mahali do inapokaa), mapigo yake na kero yake. Atakuwa amesoma nota mpya mara ishirini pia. Kwa mtu anayekabidhiwa wimbo mpya Ijumaa na kutakiwa kuupiga Jumapili, huo nao ni ufundi, na huenda ndio anaouhitaji kuliko wote.

Upande wa mazoezi matupu, jina linalotajwa ni la Charles-Louis Hanon (1819–1900), Mfaransa aliyechapisha mazoezi yake 60 mwaka 1873. Fungua kitabu uangalie yale 20 ya mwanzo, ambayo kwa wengi ndiyo mwanzo na mwisho wa Hanon. Yote yako C meja. Yote yanakaa kwenye vibao vyeupe. Mikono miwili inakwenda njia moja, imeachana kwa oktavu moja tu (vibao vyeupe vinane, kutoka do hadi do), kwa hiyo mkono wa kushoto hauambiwi lolote ambalo wa kulia haujaambiwa. Huko mbele kitabu kina skeli za kii zote, akodi zilizovunjwa, oktavu na tremolo, na hizo zina kazi, ila wanaofika huko ni wachache. Fundi wa kinyago wa Kimakonde hanoi tezo kuanzia asubuhi hadi jioni. Ananoa, anachonga, na ni gogo lenyewe la mpingo linalomwonyesha kwamba makali yamekwisha. Dakika tano za Hanon kwa kupasha vidole moto sina ugomvi nazo. Saa nzima kila siku naiona ni kukwepa kazi ya kufikiri.

Carl Czerny (1791–1857), mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, ana nafuu kidogo, kwa kuwa etudi zake, yaani vipande vya mazoezi, zinasikika kama muziki. Opasi (namba ya kazi ya mtunzi) 599 ina etudi fupi 100, opasi 299 ina 40 za mbio. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi mkono wa kulia unakimbia huku wa kushoto ukishika akodi. Nitasema mbele kidogo kwa nini jambo hilo ni baya hasa kwa wapigaji wa huku. Chagua chache, endelea na safari.

Sasa vyombo. Vinanda vingi tulivyo navyo makanisani na majumbani, kuanzia Kilwa hadi Newala, ni vya vibao 61, vyepesi, vya plastiki. Piano kamili ina vibao 88 vyenye uzito. Nimesikia tofauti hiyo ikitajwa mara nyingi kama sababu ya kutogusa kabisa muziki wa piano: kwa nini nihangaike wakati sina piano? Johann Sebastian Bach (1685–1750) anaipangua sababu hiyo yote. Invensheni zake 15 za sauti mbili, vipande vifupi vya kufundishia alivyovipanga na kuviandikia dibaji mwaka 1723, hazitoki nje ya oktavu nne. Kitabu chake cha mwaka 1722, chenye preludi (vipande vya utangulizi) na fuga (vipande vya sauti zinazofuatana kwa wazo moja) katika kii zote 24, nacho hakitoki humo. Kinanda cha vibao 61 kina oktavu tano. Ukiwa nacho nyumbani kwako Mikindani, una nafasi yote aliyoihitaji Bach na oktavu nzima ya ziada.

Kuna zaidi ya hesabu ya vibao. Hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi na mojawapo ya vyombo vya nyumbani vya zama zake, haikuongeza sauti kwa kubonyezwa kwa nguvu; uguse taratibu au ugonge, sauti ni ile ile. Vinanda vingi vya bei nafuu viko hivyo hivyo, na wenye navyo hulalamika. Muziki ulioandikwa kwa chombo cha namna hiyo hausubiri nguvu ya kidole ili upendeze. Unapendeza kwa urefu wa nota: ipi iunganishwe na jirani yake, ipi ikatwe, sauti ipi ishikiliwe wakati nyingine inatembea. Hayo yote yanafundishika kwenye plastiki. Yanahitaji namba sahihi za vidole na sikio linalojisikiliza, na hayo ndiyo msingi wa ufundi wenyewe.

Katika dibaji ile ya 1723 Bach anaeleza shabaha: mwanafunzi apige sauti mbili kwa usafi, baadaye tatu, na juu ya yote apate upigaji unaoimba. Mtu wa kwaya hahitaji kutafsiriwa hilo. Kwenye invensheni ya kwanza, mkono wa kulia unasema neno na wa kushoto unalidaka nusu takti baadaye, oktavu chini, kama ilivyo sauti ya nne inapoijibu ya kwanza. Kwenye ya nane, iliyo F meja, wa kushoto unaufuata wa kulia takti moja nyuma. Kwenye ya nne, iliyo D maina, mkono mmoja unashikilia mtetemo mrefu huku mwenzake akiendelea na safari, halafu wanabadilishana kazi. Hakuna mahali pa mkono wa kushoto kujificha. Ningemwanzisha mtu na namba 1, 8, 4 na 13, kwa mpangilio huo, na kabla ya hapo angepitia kile kitabu cha nyumbani cha Anna Magdalena, mke wa Bach, cha mwaka 1725. Ile minueti maarufu ya G iliyomo humo, kwa njia, si ya Bach. Ni ya Christian Petzold.

Kuna kitufe kimoja kwenye kinanda cha umeme ambacho, kwa maoni yangu, kimewapunja vijana wetu kuliko uhaba wa walimu. Ni kile kinachopandisha na kushusha sauti ya chombo kizima. Mwimbaji anaanzisha wimbo kwenye E flati. Mpigaji anabonyeza mara tatu na kuendelea kupiga kana kwamba ni C. Ibada inakwenda vizuri, hakuna aliyeona kitu. Miaka kumi baadaye mpigaji huyo ana sikio la ajabu na mikono inayoijua C, labda F na G, basi. Vibao vyeusi kwake ni vya kupitia tu. Mpe wimbo ulioandikwa kwa flati nne, umwambie asiguse kitufe, uone jasho.

Chopin (1810–1849), mtunzi na mpiga piano ambaye huko Paris alitegemea zaidi kufundisha, aliwaanzisha wanafunzi wake upande wa pili kabisa. Skeli ya kwanza aliyowapa ni B meja, yenye shapu tano. Sababu yake iko kwenye umbo la mkono, na unaweza kuijaribu sasa hivi: weka dole gumba kwenye E, vidole vitatu vya kati kwenye F shapu, G shapu na A shapu, na kidole kidogo kwenye B. Vidole virefu vimekaa juu ya vibao vyeusi vilivyoinuka, vifupi vimekaa kwenye vyeupe, na kiganja kimejipinda chenyewe bila kulazimishwa. C meja, ambayo sisi tumeifanya mlango wa kuingilia, yeye aliiona ngumu kuliko zote kwa mkono, kwa kuwa haina mahali pa kuegemea, akaiacha mwisho. Ni rahisi kwa jicho linalosoma nota. Kwa mkono ni ubao mtupu.

Kwa hiyo kigezo changu cha pili katika kuchagua ni kii. Angalia vipande vitano ulivyopiga mwisho. Kama vyote vina shapu moja au flati moja, cha sita kitafute mbali. Na hapa wanakwaya wetu wana mtaji ambao mwanafunzi wa Ulaya mara nyingi hana: wamekulia kwenye do-re-mi ambayo do yake inahama. Ukimwambia mwimbaji wa Nyangao kwamba leo do iko A flati, hashtuki. Uhusiano wa sauti anao kichwani. Kilichobaki ni vidole kufuata. Basi chukua kipande kifupi unachokijua, hata ile minueti ya Petzold, kihamishe kutoka G kwenda A flati kwa kufuata do-re-mi, takti nne nne. Namba za vidole zitagoma, itabidi uzifikirie upya, na katika kufikiria huko mkono unajifunza ramani ya vibao kuliko ungejifunza kwa kuongeza mwendo.

Nirudi kwenye mkono wa kushoto, maana ndio mgonjwa wetu mkubwa. Vinanda vya umeme vina ridhimu zake: unashika akodi ya vidole vitatu upande wa kushoto, na ngoma, besi na gitaa vinajipiga. Sikatai kwamba kwaya ndogo isiyo na wapiga ala inasaidika. Lakini mpigaji anayefanya hivyo kila Jumapili ana mkono mmoja unaopiga muziki na mwingine unaobonyeza swichi. Ndiyo maana nilimsema Czerny mapema: kwa mkono uliozoea kushika akodi, etudi inayoupa kazi ya kushika akodi haiongezi kitu. Huyu anahitaji vipande ambavyo wimbo wenyewe uko kushoto. Kwenye albamu ya vijana ya Robert Schumann ya mwaka 1848, opasi 68, kipande namba 10, kile cha mkulima mwenye furaha anayerudi kutoka kazini, kimeweka wimbo mkono wa kushoto na kuuacha wa kulia usindikize. Friedrich Burgmüller (1806–1874) ana etudi 25 za opasi 100, ambazo nazipenda kuliko kitabu kingine chochote cha ngazi hiyo. Ya pili inaupa kila mkono zamu ya kupiga mafungu yale yale ya nota za haraka. Ya 15, iliyo C maina, inaanza na wimbo mzito kushoto huku kulia kukiwa na akodi zilizokatwa fupi fupi. Ya 24, iliyopewa jina la mbayuwayu, inafundisha mkono kuruka juu ya mwenzake. Kila kipande ni ukurasa mmoja au miwili, kina jina, kina picha, na kina kazi moja inayoeleweka. Kasoro yake ni kwamba vingi vimekaa kwenye kii nyepesi, na dawa ya hilo nimeshaitaja.

Sonatina sita za Muzio Clementi za opasi 36, za mwaka 1797, zinafaa kwa skeli za haraka na kwa kupiga sehemu ndefu bila kuchoka. Mbili au tatu zinatosha.

Watu wa kwaya husahau kwamba tayari wanazo etudi kabatini. Wimbo wa sauti nne ulioandikwa vizuri ni kazi nzito ya mkono. Upige kwanza kama ulivyoandikwa, ya kwanza na ya pili kulia, ya tatu na ya nne kushoto, bila pedali, kila sauti ikiunganishwa kwa kubadilisha vidole juu ya kibao kimoja. Halafu piga sauti tatu na uimbe ya nne iliyobaki kwa mdomo. Wapigaji wengi wenye mbwembwe za akodi huanguka hapo, na wala si aibu. Ni kipimo kizuri kuliko mbio zozote. Ninawashauri walimu wa kwaya wawape wapigaji wao nyimbo mbili kwa mwezi za kupigwa hivyo, nota kwa nota, kabla hawajaruhusiwa kuzipamba.

Kuna anayesema muziki huu wote ni wa Wazungu, mkono wa Kimakonde unautakia nini. Hoja ya asili ya chombo naijibu kwa historia yenyewe: katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka bara hadi Kilwa, Lindi na Mikindani, pembe zikapitia Zanzibar, na nyingi ziliishia Connecticut, Marekani, zikachanwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Kwa gharama ile ya wanyama na ya watu waliozibeba, sioni kwa nini tuione piano kama mali ya jirani. Upande wa ufundi hoja hiyo ina nguvu kwa namna nyingine. Vitabu vya piano huchukulia kupiga tatu juu ya mbili kuwa jambo la ngazi ya juu; mwanafunzi hukutana nalo, tuseme, kwenye Arabesque ya kwanza ya Debussy, na hutokwa machozi. Mtoto aliyekulia Tandahimba au Newala akisikia ngoma za sindimba, ngoma moja ikisema hivi na nyingine ikijibu vile, ana mapigo yanayopishana mwilini kabla hajajua nota. Huyo asisubirishwe hadi ngazi ya juu. Apewe mapema vipande vinavyopishanisha mapigo. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana (1921–2019) alichapisha vipande 12 vya kufundishia piano vilivyojengwa juu ya mapigo ya Kiafrika, na Béla Bartók wa Hungaria aliandika vipande 153 vya Mikrokosmos, kuanzia vya mtoto hadi vya ukumbini, ambamo mikono inafundishwa kutofuatana tangu juzuu za mwanzo. Ningetamani kuona mtunzi wetu mmoja wa kusini akiandika kumi tu za namna hiyo kutoka kwenye ngoma anazozijua. Mkono wa kushoto ushike ngoma inayoongoza, wa kulia ujibu.

Nota za Bach, Clementi, Burgmüller, Schumann na Czerny hazina tena mwenye haki; zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, na kurasa mbili kuzichapa kwenye duka la uchapaji la karibu si gharama ya kumzuia mtu. Umeme ndio kero. Mkoa unaotoa gesi ya Mnazi Bay nao unajua giza. Schumann aliwakejeli waliofanya mazoezi kwenye vinanda visivyotoa sauti, akisema huwezi kujifunza kuongea kutoka kwa bubu, na kwa kawaida namuunga mkono. Lakini yeye hakukatiwa umeme katikati ya takti. Kupitisha namba za vidole kimya kimya juu ya kinanda kilichozimika, macho yakiwa kwenye nota, ni matumizi mazuri ya nusu saa ya giza, mradi una tochi.

Kuna mambo ambayo plastiki haifundishi: kuegemeza uzito wa mkono ili sauti ya juu ya akodi itoke kuliko nyingine, kushuka kutoka sauti kubwa hadi ndogo kwa nota sita, kucheza na pedali ya kweli inayoachwa nusu. Mtu akifika hapo, na uwezo ukaruhusu, namshauri anunue piano ya umeme yenye vibao 88 vyenye uzito kuliko kununua piano ya nyuzi iliyotumika. Hewa ya chumvi ya Shangani, hapa Mtwara, haina huruma na nyuzi wala mbao, na fundi wa kuisawazisha itabidi asafiri.

Mitihani ya piano ya Uingereza yenye madaraja manane ina faida ya kumpa mtu tarehe. Ubaya wake unaonekana pale vipande vichache vya mtihani vinapogeuka kuwa chakula chote cha mwaka. Hapo tumerudi kwenye wimbo mkubwa kwa mlango wa nyuma. Anayefanya mtihani apige vingine kumi pembeni, vya chini ya daraja lake.

Kuhusu etudi za Chopin, ambazo kila kijana mwenye bidii huniuliza habari zake: opasi 10 ilitoka mwaka 1833, ina etudi 12, na wengi huvutwa na ile ya vibao vyeusi, namba 5, kwa sababu ya mbwembwe za mkono wa kulia. Aliyemaliza invensheni nyingi, akapiga angalau tatu za Bach za sauti tatu, na anazo kii zote bila kitufe, anaweza kujaribu. Mimi ningempa kwanza namba 9, iliyo F maina, ambayo kazi yake kubwa ni ya mkono wa kushoto kutanuka na kurudi ukurasa baada ya ukurasa bila kukakamaa, na ningemtaka aipige taratibu mwezi mzima kabla ya kuulizia mwendo ulioandikwa.